Picha za Vitambulisho Zilizofika Ujiji

Simu iliita saa mbili usiku, naosha vyombo. Namba ngeni. "Shikamoo mama. Samahani, wewe ndiye katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, Tabora?" Nikaitikia marahaba, nikamuuliza yeye ni nani. Akasema yupo Ujiji, amenunua simu iliyotumika, na ndani yake amekuta vitambulisho vya taifa vya watu wengi, mbele na nyuma, pamoja na daftari la mikopo lililopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Jina langu na namba yangu aliviona kwenye ukurasa wa kwanza. "Nimeona nikuambie, mama. Angekuwa mtu mwingine..." Hakumalizia.

Hiyo ilikuwa mwaka 2022. Wanachama tulikuwa 23. Simu nilikuwa nimeiuza wiki mbili kabla, shilingi 45,000, kwa kijana anayenunua simu mbovu karibu na stesheni. Kabla ya kumkabidhi nilikaa jioni nzima nikifuta picha moja moja, nikaondoa hata paswedi ya kioo ili mnunuzi asisumbuke. Naye akabadilisha kioo na kuiuza kama ilivyo. Ikashika njia ileile ya misafara ya zamani, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, ambayo wapagazi waliitembea kwa miguu kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Pagazi hubeba mali ya watu. Mimi mali hiyo niliiuza pamoja na simu bila kujua.

1. Kufuta si kufutika

Picha nilizofuta zilikuwa kwenye kapu la taka la simu yenyewe. Simu nyingi huhifadhi humo kila picha unayofuta kwa siku 30 hivi, na yeyote aliyeshika simu anaweza kuirudisha picha hiyo kwa kugusa mara moja. Zaidi ya hapo, picha nilizokuwa nimemtumia mweka hazina kwa WhatsApp zilikuwa na nakala kwenye folda ya vilivyotumwa, ambayo sikuwahi kujua kama ipo.

Na hata kapu likimwagwa, habari bado. Wanaolima tumbaku huku kwetu watanielewa upesi. Karani wa ghala akikata jina la robota kwenye leja, robota halijatoka ghalani. Limebaki palepale mpaka nafasi yake ipewe robota jingine. Simu nayo ikifuta hukata jina tu, ikaandika kwamba nafasi iko wazi. Mwenye programu ya kurudisha data anaweza kuingia ghalani bila kuuliza leja.

2. Laini na memori kadi zitoke kwanza

Hili ni fupi, ila ndilo lililoniumiza. Memori kadi yangu ilibaki ndani ya simu. Kurudisha simu kiwandani, yaani kuifuta kupitia mipangilio iwe kama mpya, kwa kawaida hakuigusi kadi, kwa hiyo ningefanya hata hilo, nusu ya picha zingesafiri vilevile. Laini nayo inaweza kuwa na majina na meseji zake. Toa vyote viwili kwa mkono wako, uviweke mfukoni, ndipo uzungumze bei.

3. Kurudisha kiwandani kunategemea umri wa simu

Mwanangu ndiye aliyenikalisha chini akanifundisha. Simu za karibuni husimba kila kitu zinachohifadhi: herufi na picha huchanganywa kwa ufunguo uliofichwa ndani ya simu. Ukiirudisha kiwandani kupitia mipangilio, ufunguo ule huharibiwa, na kilichosalia hakisomeki tena. iPhone zimekuwa na ulinzi wa namna hiyo tangu toleo la 3GS la mwaka 2009. Kwa Android ulianza kuwa wa lazima kwa simu mpya zenye nguvu kuanzia Android 6, mwaka 2015. Zile za bei ya chini ziliruhusiwa kuukosa mpaka Android 10 ya mwaka 2019, na wengi wetu tumenunua hizo za bei ya chini.

Mwaka huohuo wa 2015, Laurent Simon na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza walichokuta kwenye simu 21 za Android zilizotumika, matoleo ya 2.3 hadi 4.3. Zilikuwa zimerudishwa kiwandani, na bado walichota meseji, picha, na kwenye nyingi hata alama zinazofungua akaunti ya Google ya mwenye simu wa kwanza.

Kwa simu ya zamani, basi, ingia kwenye mipangilio ya usalama, tafuta mahali pa kusimba simu, uiache imalize ikiwa kwenye chaji. Kisha irudishe kiwandani. Halafu ijaze upuuzi: iegemeze ukutani irekodi video ya ukuta mpaka iseme nafasi imeisha, uirudishe kiwandani mara ya pili. Robota jipya limekalia nafasi ya lile la zamani. Sisemi hakuna fundi duniani atakayepata chembe, ila anayetafuta pesa ya haraka atahamia simu nyingine.

4. Toka kwenye akaunti kabla, usije ukaitoa paswedi baadaye

Ukirudisha kiwandani bila kwanza kuondoa akaunti yako ya Google au ya Apple, simu inaweza kumdai mnunuzi paswedi yako. Atakupigia. Atakuwa amekasirika, amelipa pesa yake, na wewe utaona haya. Jirani yangu aliitaja paswedi yake kwa sauti, herufi baada ya herufi, mbele ya watu waliosimama kwenye meza ya fundi. Ilikuwa paswedi ileile ya barua pepe anayotumia kazini.

5. Simu iliyokufa kioo haijafa

Tunadhani simu isiyowaka haina siri. Nilikaa siku moja mbele ya meza ya fundi pale sokoni. Alifungua simu iliyokuwa imeingia maji, akaitoa bodi kwa kibano, akaipiga mswaki wa zamani uliochovywa kwenye spiriti, akaipuliza kwa hita mpaka harufu ikapanda. Akaunganisha kioo cha simu nyingine kwa muda tu. Ikawaka. Meseji za mwenye simu zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, sote tukizitazama. Fundi akageuza kioo chini, bila kusema neno. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Kama simu haitakarabatiwa, mwambie fundi atoe betri, kisha avunje chipu ya kumbukumbu mbele yako. Betri usiitoboe wala kuitupa kwenye moto wa takataka. Betri za aina hii zinaweza kulipuka.

6. Kitochi cha shangazi

Tusiseme simu janja tu. Shangazi yangu wa Sikonge alitaka kumpa mjukuu kitochi chake. Nikakipekua. Kwenye orodha ya majina palikuwa na "Mama Pesa", na namba yake ilikuwa na tarakimu nne tu. Ilikuwa namba ya siri ya shangazi ya kutolea pesa. Meseji za miamala ya tangu mwaka juzi zote zilikuwepo: kiasi, salio, jina la aliyetuma. Akaniambia, "Mwanangu, nisipoiandika naisahau, na wakala ananicheka." Sikuwa na la kumlaumu. Tulikaa kibarazani tukabadilisha namba ya siri kuwa kitu anachokikumbuka, tukafuta meseji zote, tukairudisha simu kama mpya, na laini akabaki nayo yeye.

7. Wenye mali waambiwe

Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Mwenye picha ya kitambulisho, namba ya simu na deni la mama fulani anaweza kumpigia akajifanya ametoka ofisini, akamtajia mkopo wake mpaka shilingi ya mwisho, halafu akamwambia atume kwenye namba hii. Kwa hiyo niliitisha kikao cha dharura chini ya mwembe wetu, nikasema kila kitu. Wawili walilia. Mmoja aliniuliza kwa nini nilizipiga picha, na sikuwa na jibu zuri, maana karatasi zilikuwepo kabatini. Tuliangalia kila mtu kwa *106# laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, tukakubaliana kwamba pesa ya kikundi haiombwi kwa simu kamwe. Baadaye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, niliona imeandikwa kile ambacho akina mama wale walikuwa wameshanidai chini ya mwembe.

Yule kijana wa Ujiji alikubali kuirudisha simu kiwandani huku nikimwelekeza kwa sauti, hatua kwa hatua. Kadi aliituma kwa treni. Si mara ya kwanza njia hii kubeba siri ya mtu: mwezi Machi 1872, mwandishi wa habari Stanley aliondoka Kwihara, hapa nje ya mji, akiwa amebeba shajara ya mpelelezi Livingstone iliyopigwa lakiri, apewe binti wa Livingstone huko Uingereza. Kadi yetu ilikuja ndani ya bahasha iliyozungushwa gundi ya karatasi mara nne, na juu ameandika kwa kalamu ya bluu: "Asifungue mtu ila mama katibu."

Niliifungulia kikaoni. Mmoja wetu alikuwa ameazima mkasi wa kukatia bati. Kadi ndogo kama ukucha. Ilipokatika, kipande kimoja kiliruka kwenye majani makavu ya mwembe, na akina mama 23 tuliinama kukitafuta mpaka kikaonekana.