Mchukuzi wa Chuma katika Damu

Mtu akisikia neno "chuma" hufikiri jembe na shoka. Lakini katika mwili wa mtu mzima mna chuma pia, kiasi cha gramu 3 au 4, na bila hicho hatuwezi kuishi, maana ndicho kiwezeshacho damu kuchukua hewa safi tunayoivuta. Na tuone leo jinsi chuma hicho kisafirivyo.

Chuma kikitembea peke yake katika damu ni hatari: huharibu chembe za mwili, tena huwalisha wadudu wa magonjwa. Kwa hiyo kina mchukuzi wake, naye ni protini iitwayo transferini, ifanyizwayo katika ini. Kila mchukuzi huchukua mizigo 2 ya chuma, wala hazidishi. Mingine huipokea utumboni, itokayo katika chakula. Lakini iliyo mingi hutoka katika damu yenyewe. Maana chembe nyekundu huishi siku kama 120. Zikichakaa huvunjwa katika wengu na ini, na chuma chake hutolewa kitumike tena.

Je, mchukuzi aushikaye mzigo kwa nguvu hivi huutuaje? Afikapo katika uboho wa mifupa, ambako damu mpya hufanyizwa, chembe humshika mlangoni na kumwingiza ndani katika kifuko kidogo. Mle kifukoni mna uchachu, na kwa uchachu ule mkono wake hulegea, akakiachilia chuma. Kisha hurudishwa damuni mikono mitupu, akatafute mzigo mwingine.

Kwa kawaida nafasi zilizojaa ni kama theluthi moja tu. Zilizosalia ni za akiba. Lakini mtoto akimeza vingi katika vidonge vya chuma apewavyo mama mjamzito, nafasi zote hujaa, na chuma kilichozidi huzagaa na kuharibu ini na moyo.

Basi, akina mama, msiache kuvimeza kama mlivyoagizwa, ila vifungieni mbali na watoto. Mtoto akivimeza, apelekwe hospitali saa ile ile. Hata akitapika, kisha akaonekana amepona, tusidanganyike. Huenda madhara yangali yakiendelea ndani. Kile kimwongezeacho mama damu chaweza kumwua mtoto wake.