KUJIFUNZA LUGHA MPYA NYUMBANI BILA KULIPA FEZA



Wengi wetu tunasema: «Ningependa kujua Kilingala, ao Tshiluba, ao Uruund ya nkambo, lakini feza ya kulipa mwalimu itatoka wapi?» Somo hili linataka kuonyesha kwamba mwalimu yuko tayari ndani ya lupango. Hatumulipi feza. Tunamulipa wakati wetu, na tunakubali kuchekwa kidogo.

Tuangalie kwanza wazee wetu. Mji wa Kolwezi ulianza mwaka 1937, juu ya kazi ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imekwisha kuita watu wa Kasai, wa Lomami, hata wa Rwanda, waje kufanya kazi katika migodi ya Katanga. Kwa wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama. Walikishika kambini, kwenye kazi, kwenye robine ya maji na sokoni. Leo ni lugha yetu, tena ni moja ya lugha 4 za taifa zilizoandikwa katika Katiba ya 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kama wao waliweza bila kitabu, sisi wenye kujua kusoma tutashindwa na nini?

Njia ni hizi nne:

1. Chagua lugha yenye mwenyeji karibu.
Katika avenyi moja ya Kolwezi unaweza kusikia Kisanga, Kiluba, Uruund, Tchokwe na Tshiluba. Omba mutu mmoja robo ya saa kila siku, wakati mikono yake iko na kazi: anachagua maharagi, anafua, anapika bukari. Usimwambie tu «Nifundishe lugha yako», kwani hatajua aanzie wapi. Shika kwanza maulizo matatu katika lugha yake: «Hii ni nini? Unafanya nini? Sema tena?» Kwa maulizo hayo utapata mengine yote.

2. Andika.
Kaye ya mwaka uliopita yenye karatasi nyeupe inatosha. Piga mstari katikati: upande huu lugha mpya, upande ule Kiswahili. Usiandike neno peke yake. Andika maneno kama yanavyosemwa. «Lete maji» inasaidia kuliko «maji». Jioni funika upande mmoja na mkono, ujaribu kukumbuka. Ukishika 5 kwa siku, mwezi wa siku 30 unatoa 150.

3. Linganisha na Kiswahili.
Lugha nyingi za kwetu ni za ukoo mmoja. Katika Tshiluba mutu ni muntu, watu ni bantu, vitu ni bintu, maji ni mayi. Tayari unajua nusu! Lakini uangalie: kwa Tshiluba, nyama ni mnyama mwenye kutembea, ile ya kula ni munyinyi. Ukikosea mezani watacheka. Cheka nao, kwani neno lile hutalisahau tena.

4. Fuata habari unayoijua.
Azima Biblia ya lugha ile kwa mchungaji ao kwa mwimbaji wa kwaya. Fungua Luka 15:11-32 katika Biblia mbili, mutu asome kwa sauti, nawe ufuate aya kwa aya. Namba za aya zitakuongoza. Vilevile redio: tangu mwaka 2002 Radio Okapi inatoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha zetu 4. Sikiliza kwanza kwa Kiswahili, kiisha kwa Kilingala; majina ya watu na ya miji yatakuonyesha fasi ulipo.

Juu ya nini tujitaabishe, kama Kiswahili kinatosha sokoni?

Kwanza, nkambo akisema Uruund na mjukuu akimujibu kwa Kiswahili, kuna mambo hayatavuka kamwe: majina ya miti, ya dawa, ya ukoo. Siku anapozikwa, kitabu kimefungwa.

Pili, tukumbuke miaka ya 1992 na 1993. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa makumi elfu, wakalala kwenye vituo vya gari-moshi wakingoja safari. Wafukuzaji na wafukuzwa walisikilizana vizuri kabisa kwa Kiswahili. Kumbe kusikilizana peke yake hakutoshi. Lakini mutu uliyekaa miguuni pake kila jioni, ukimuomba akufundishe, ni vigumu kesho kumwita mugeni. Mwanafunzi hamfukuzi mwalimu wake.

KAZI YA JUMA HILI: Chagua mutu mmoja wa lupango ao wa jirani. Jifunze kwake salamu ya asubuhi, ya jioni, na namna ya kusema asante. Kesho yake umusalimie wa kwanza, kwa lugha yake.