Bunduki Ikigawanywa Vipande Viwili Bado Ni Bunduki



Chukulieni mfano huu. Mzee mmoja amefariki dunia na matanga yamekwisha. Watoto wake wanapopanga vitu vya marehemu, wanakuta juu ya kabati mkoba wa ngozi uliochakaa. Ndani yake mna kipande cha mti kilichoshikamana na chuma, na kando yake mtutu mwembamba wenye urefu wa karibu nusu meta. Mtoto wa kwanza anasema hiki ni chombo cha kale kisichofaa kitu. Wa pili anasema kifungwe katika gunia la nguo, kipelekwe kwa mjomba ng'ambo ya mpaka, maana "si bunduki nzima." Mjane wa marehemu ananyamaza, hajui la kufanya.

Somo letu la leo limekusudiwa kumjibu mjane huyo. Linahusu bunduki ndogo ya kale inayogawanyika vipande viwili, namna ifanyavyo kazi, matunzo yake, na wajibu unaomshika kila ailaziye chini ya paa lake.

Asili yake

Mfano ulio mashuhuri wa aina hii ni bunduki ya Browning SA-22. Aliyeibuni ni John Moses Browning, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, jimbo la Utah, akafariki mwaka 1926 huko Herstal, Ubelgiji. Kiwanda cha FN cha Herstal kilianza kuitengeneza mwaka 1914. Huko Marekani kampuni ya Remington iliitengeneza kuanzia mwaka 1922 kwa jina la Model 24, kisha kwa jina la Model 241 kuanzia mwaka 1935. Katika miaka ya 1970 kazi hiyo ilihamia Japani.

Haikubuniwa kwa vita. Ilikusudiwa mwindaji wa wanyama wadogo na mtu apendaye kulenga shabaha, naye aweze kuigawanya na kuibeba ndani ya mkoba mfupi. Wepesi huo wa kubebeka ndio uliowavutia wanunuzi, na ndio unaoifanya iwe rahisi kufichwa.

Jinsi ifanyavyo kazi

Bunduki hii hutumia risasi ya .22, yenye kipenyo cha milimeta 5.6 hivi. Baruti yake ya kuwashia imewekwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, wala si katikati kama ilivyo katika risasi kubwa. Pini ya kufyatulia hugonga ukingo huo na risasi ikalipuka.

Ni bunduki ya nusu otomatiki. Mlipuko wenyewe husukuma bolti nyuma, ganda tupu likatupwa nje kupitia upande wa chini, kisha springi hurudisha bolti mbele pamoja na risasi mpya. Kila triga ivutwapo hutoka risasi moja, na nyingine huwa tayari papo hapo. Risasi za akiba, zipatazo kumi, hukaa ndani ya bomba lililofichwa katika kitako cha mti.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Mtutu ukiondolewa, kitako kilichobaki kinaweza kuwa bado kimebeba risasi ndani yake, nawe usione hata moja. Mtoto anayechezea "kipande cha mti" anachezea ghala la risasi.

Wala asiidharau mtu kwa udogo wake. Kipande cha risasi hiyo kina uzito usiofika gramu 3, lakini watengenezaji huandika onyo juu ya boksi kwamba kinaweza kwenda hadi maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilometa 2. Fikirini maana ya umbali huo kwetu tunaoishi Busia, Mutukula au Katuna. Risasi inayomlenga kanga shambani upande huu yaweza kuangukia sokoni katika nchi nyingine, nayo haitasimama kuonyesha pasi ya kusafiria.

Matunzo

Mwenye kibali halali anawajibika kuitunza silaha yake, kwa maana bunduki chafu humdhuru kwanza aliyeishika. Mambo makuu ni haya:

1. Hakikisha haina risasi. Elekeza mtutu mahali salama, weka kidole mbali na triga, toa bomba la risasi, kisha vuta bolti na utazame chemba kwa macho yako. Fanya hivyo hata kama aliyekupa ni ndugu yako naye amekuapia kuwa ni tupu.

2. Isafishe baada ya kuitumia. Risasi ndogo hizi huacha masizi na mabaki ya risasi na nta. Masizi yakijaa kwenye bolti, bunduki hukwama au hufyatua vibaya. Faida ya kugawanyika kwake ni kwamba mtutu waweza kusafishwa kuanzia upande wa chemba, hivyo mdomo wake haukwaruzwi na ufito wa kusafishia.

3. Mafuta yawe kidogo. Mafuta mengi hunasa vumbi, tena yakiingia katika risasi huiharibu baruti. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha utando mwembamba tu wa mafuta juu ya chuma.

4. Angalia maungio. Mtutu ukilegea pale unapoungana na mwili wa bunduki, shabaha hupotea. Bunduki hii ina pete ya kurekebisha ulegevu huo. Ikiwa hujui kuirekebisha, mpelekee fundi mwenye leseni, usigonge kwa nyundo.

5. Usivute triga kwa kujaribu wakati chemba ni tupu. Pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

6. Risasi ikikataa kulipuka, subiri. Mtutu uendelee kuelekea mahali salama kwa nusu dakika kabla ya kuitoa, maana huweza kulipuka kwa kuchelewa.

7. Hifadhi chini ya kufuli. Bunduki ikae katika kabati la chuma, risasi zikae mahali pengine penye kufuli lake. Mkoba wa ngozi haufai kuhifadhia kwa muda mrefu, kwa sababu hushika unyevu na kuleta kutu.

Mbele ya sheria

Kabla ya kuuliza namna ya kuisafisha bunduki ya aina hii, yapasa kuuliza kama sheria inakuruhusu kuwa nayo. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi 11 za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Itifaki hiyo inazitaka nchi ziingize katika sheria zao marufuku ya raia kumiliki bunduki za kiotomatiki na za nusu otomatiki. Kwa hiyo kinachouzwa dukani huko Marekani, kwetu kinaweza kumpeleka mtu gerezani.

Tena, kibali cha nchi moja si kibali cha nchi jirani. Anayevuka mpaka na mtutu leo na kitako kesho amevusha bunduki. Kuigawanya hakuifanyi kuwa kitu kingine mbele ya sheria, na wala marehemu hawezi kumrithisha mwanawe kibali chake kama anavyomrithisha shamba.

La kufanya ukiikuta

Usiiguse wala usijaribu kuiunganisha. Waondoe watoto, funga chumba, kisha utoe taarifa kwa polisi, au umwombe mwenyekiti wa kijiji akusaidie kuwafikia. Usiibebe mwenyewe barabarani kuelekea kituoni, kwani anayekuona na silaha hajui nia yako. Ngoja maofisa waje, waeleze ilipokuwa na ilikuwa ya nani. Wakiichukua, omba hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha na tarehe, uitunze. Taarifa itolewayo mapema ndiyo ushahidi wa nia njema. Ukimya wa miezi hauna wa kuutetea.

Turudi kwa mjane wetu. Kama angemsikiliza mtoto wa kwanza, wajukuu wangekuta risasi ndani ya kitako. Kama angemsikiliza wa pili, mwanawe angekamatwa mpakani na kaburi la baba yake halijakauka. Ukimya nao ungemfanya yeye kuwa mwenye kuficha silaha. Njia iliyobaki ni fupi, nayo haina gharama: kufunga mlango na kutoa taarifa siku ile ile. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Ndugu msomaji, kama uko mkoba wa namna hiyo nyumbani kwako, leo ndiyo siku ya kuusema.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kijiji

1. Kwa nini kitako kisicho na mtutu bado ni hatari?
2. Risasi ya .22 yaweza kufika umbali gani, na ni maeneo gani ya kijiji chetu yaliyo ndani ya umbali huo?
3. Itifaki ya Nairobi inasema nini kuhusu raia na bunduki za nusu otomatiki?
4. Ni nani katika kijiji chetu wa kumwendea kwanza mtu anapokuta silaha ya marehemu?