Sindano ya Baridi Yabisi: Siku Moja Tu kwa Wiki



Wengi wetu hudhani baridi yabisi ni ugonjwa wa wazee tu. Wengine husema mgonjwa amerogwa. Leo tujifunze juu ya aina moja ya baridi yabisi ambayo huwapata hata vijana. Huwapata zaidi wanawake.

Ugonjwa huu ni nini?

Mwili una kinga. Kinga ni kama mgambo wa kijiji. Kazi yake ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Katika ugonjwa huu mgambo hukosea, akawapiga wanakijiji wenyewe. Viungo vya vidole, mikono na magoti huvimba na kuuma, hasa asubuhi. Mgonjwa hushindwa kushika jembe au kukamua nguo. Asipotibiwa mapema, viungo hupinda na havinyooki tena.

Dawa yake

Sisi wa zahanati hatuanzishi dawa ya ugonjwa huu. Tunakupeleka hospitali. Daktari akikupima anaweza kukupa methotreksati. Iko ya vidonge na iko ya sindano. Dawa hii hupunguza ukali wa kinga. Haitulizi maumivu siku ile ile. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha nguvu yake. Basi vumilia, wala usijiongezee dawa.

Shika sana jambo hili

Methotreksati hutumiwa siku MOJA tu kwa wiki. Ukiitumia kila siku, huzuia mwili kutengeneza damu, nayo huweza kuua. Ukipangiwa Ijumaa, basi ni Ijumaa tu. Weka alama kwenye kalenda. Ukisahau, usichome mbili kwa pamoja. Uliza zahanati.

Daktari hutoa pia vidonge vya foliki asidi ili kupunguza madhara. Vimeze siku aliyokuambia, si siku ya sindano.

Mgonjwa huweza kufundishwa kujichoma chini ya ngozi ya paja au tumbo. Tumia sindano mpya kila mara. Iliyotumika itie katika chombo kigumu chenye mfuniko, uirudishe zahanati. Usiitupe jalalani, watoto wataiokota.

Mambo ya kuepuka

1. Mimba. Dawa hii hudhuru mtoto tumboni. Ukitaka kuzaa, mwone daktari kwanza. Usinyonyeshe ukiwa unaitumia.
2. Pombe. Pombe na dawa hii pamoja huharibu ini.
3. Septrin. Ikichanganywa na methotreksati huweza kuua. Kila unapotibiwa, taja kwanza sindano yako.
4. Kukosa kupimwa damu. Nenda kila tarehe uliyopewa, hata kama hujisikii mgonjwa.

Dalili za hatari

Kinga ikipunguzwa, vijidudu hupata nafasi. Ukiona homa, vidonda mdomoni, damu kutoka ovyo, macho ya manjano, kikohozi au kuhema kwa shida, usichome sindano nyingine. Nenda kutibiwa siku hiyo hiyo. Usimeze dawa ya homa ukasubiri kesho.

Kama una jirani anayetumia dawa hii na hajui kusoma, msomee somo hili. Mwonyeshe siku yake kwenye kalenda.

Maswali

1. Methotreksati hutumiwa mara ngapi kwa wiki?
2. Kwa nini mgonjwa aitaje dawa yake kila anapotibiwa?
3. Sindano iliyotumika ipelekwe wapi?