Mipira ya Breki ya Mbele katika Pikipiki Kuukuu

Wapenzi wa pikipiki kuukuu husema kwamba mtu akiondoa mipira ya zamani ya breki ya mbele, akafunga mipya iliyosukwa kwa waya wa chuma, breki huongezeka nguvu. Kauli hii ina ukweli ndani yake, ila haukukaa mahali pake, na mwenye kuishika jinsi ilivyo aweza kutumia fedha nyingi asiutibu ugonjwa wenyewe. Hebu tuichunguze kwa kutazama Honda CB750, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969 ikiwa na breki ya diski ya mbele inayoendeshwa kwa kimiminiko, jambo lililokuwa geni kwa pikipiki za wakati ule.

Mpandaji anapovuta mkono wa breki, mkono huo, ambao ni wenzo, husukuma pistoni ndogo ndani ya silinda kuu iliyoko kwenye usukani. Kimiminiko huchukua kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo, na kuipeleka kupitia mpira hadi kwenye kibano cha diski. Kwa mujibu wa kanuni ya Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662), kanieneo inayotiwa katika kimiminiko kilichofungiwa huenea kote bila kupungua. Tuseme vidole vinavuta kwa nyutoni 100 na wenzo unaizidisha kani hiyo mara 5. Ikiwa pistoni ina kipenyo cha milimita 14, eneo lake ni milimita za mraba 154, na kanieneo itakuwa megapaskali 3.25, zaidi ya mara 30 ya kanieneo ya hewa.

Msomaji ataona kwamba katika hesabu hiyo mpira haukutajwa hata mara moja. Uwe wa raba tupu au wa waya, mkono ukishatulia kani inayofika kwenye diski ni ile ile. Kinachobadilika ni mwendo wa mkono.

Raba hutanuka. Sheria ya usalama wa magari ya Marekani namba 106 huruhusu mpira wa kawaida wenye tundu lisilozidi inchi 1/8 kutanuka hadi sentimita za ujazo 0.66 kwa kila futi, chini ya kanieneo ya megapaskali 6.9 hivi. Kwa kanieneo ya mfano wetu tukadirie 0.31. Basi futi mbili za mpira zitameza 0.62, pistoni itasogea milimita 4 zaidi, na ncha ya mkono milimita 20. Hicho ni kikomo cha sheria, na mpira mpya ulio mzuri hutanuka kidogo kuliko hapo. Lakini mkono ukigusa mshikio kabla kanieneo haijapanda, breki hakuna, na hapo ndipo kauli ya wapenzi wetu huwa kweli.

Mpira wa kisasa ni bomba la tefloni lililovikwa waya wa chuma kisichoshika kutu, nalo hutanuka kidogo mno. Mwendo unaookolewa waweza kununua nguvu halisi: silinda kuu ya milimita 14 ikibadilishwa kwa ya 12.7, kanieneo hupanda kwa asilimia 21 hivi kwa mvuto ule ule, ingawa mkono utakwenda mbali zaidi. Kufanya hivyo huku mipira ya zamani ikiwa bado imefungwa ni kujitafutia ajali.

Hata hivyo, sababu kubwa ya kubadilisha si hiyo. Raba kuukuu huvimba kwa ndani hata tundu likawa jembamba, na kwa nje usione dosari. Kani kubwa ya mkono hupitisha kimiminiko, lakini kibano hakina kani ya kutosha kukirudisha. Breki hubaki imeshika, diski hupata moto, na kimiminiko chaweza kuchemka. Mvuke hubonyea, kimiminiko hakibonyei. Tena, yale tuyaitayo mafuta ya breki (jina limetuponza, maana wapo watiao mafuta ya injini, yakaharibu raba zote) hunyonya unyevu: aina ya DOT 4 haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi ikiwa kavu, lakini ikishanyonya maji kikomo chake ni 155.

Katika CB750 kuna mpira wa juu, kiungo chini ya usukani, mpira wa chini, kisha bomba fupi la chuma. Wengine hufunga mpira mmoja mrefu na kukiacha kiungo, wakasahau kwamba swichi ya taa ya breki hukaa hapo. Hapana budi itafutiwe nafasi nyingine. Pima urefu usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande na shokomzoba zimenyooka kabisa. Waya uliosukwa hukwangua kama tupa, kwa hiyo usiuache uguse rangi wala chuma. Washa za shaba ziwe mpya, moja kila upande wa kichwa cha mpira.

Katika kutoa upepo, nati ya kibano ifungwe kabla mkono haujaachiwa, na chombo cha juu kisikauke. Upepo sugu hujificha palipo juu zaidi, kwenye bolti ya silinda kuu. Mwishowe vuta mkono kwa nguvu kwa dakika kadhaa na upapase kila kiungo kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, au mkono ukizidi kuzama, pikipiki isitoke uani.