Gome la Tendwet na Dawa ya Uvimbe

Katika misitu ya milimani iliyo karibu na Eldoret, kama ile ya Nandi na Timboroa, huota mti mrefu ambao Wanandi huuita tendwet na Wakikuyu huuita muiri. Wataalamu wa mimea huuita Prunus africana. Tangu zamani wazee wamelichemsha gome lake na kunywa maji yake ili kutuliza maumivu ya tumbo.

Je, gome hilo lina nini? Mwili ukidhurika hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini, navyo huleta joto, maumivu na uvimbe. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuvizuia vitu hivyo visitengenezwe. Gome la tendwet lina fitosteroli, ambazo katika majaribio zimeonekana kupunguza prostaglandini vilevile.

Tangu miaka ya 1960 watu wa Ulaya wamelitumia gome hilo kutengeneza dawa ya wanaume wazee waliovimba tezi dume, wasiweze kukojoa vema. Dawa hiyo huwapunguzia taabu, lakini haiponyi saratani. Basi mzee aonaye shida hiyo asitosheke na gome la kuchemsha, bali aende hospitali kupimwa mapema, maana dalili za maradhi hayo mawili hufanana.

Biashara ya gome iliudhuru mti wenyewe katika Kenya, Kameruni na Madagaska. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa njia ya gome. Akatayebandua gome kuzunguka shina lote huikata njia hiyo, na mti hufa. Ndiyo maana tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya mataifa huendeshwa kwa kibali maalumu.

Yafaa mwenye mti abandue gome pande mbili tu za shina zinazoelekeana, kila upande robo ya mzunguko, asiuguse mti wenyewe, na sehemu nyingine aiache mpaka jeraha lipone. Mwenye shamba naye apande miche. Mbegu zake hazikai ghalani. Hufa baada ya majuma machache, kwa hiyo zipandwe zingali mbichi. Mti huo hungoja miaka kumi na zaidi kabla ya kufaa kubanduliwa gome. Apandaye leo huwawekea watoto wake akiba.