Mchukuliane Mizigo: Somo juu ya Mikutano ya Watu Wanaoacha Ulevi

Masomo: Wagalatia 6:1–5, Yakobo 5:16



Fundi seremala mmoja wa usharika wetu alinijia, akaungama ya kuwa pombe imemshinda. Nalimwonya, nikamwombea, naye akaahidi kuacha. Alipoanguka mara ya tatu, baraza la wazee lilimweka chini ya marudi, asiikaribie Meza ya Bwana. Na sahihi yangu imo. Baadaye aliniambia, "Baba Mchungaji, mliniambia niache, lakini jioni hapakuwa na mtu wa kukaa nami." Neno hilo halijanitoka moyoni. Ndiyo sababu naandika somo hili.

1. Mwanzo wa mikutano hii

Mwezi wa Mei 1935, Bill Wilson, mfanya biashara ya hisa wa New York, alikuwa katika mji wa Akron, nchi ya Marekani. Alikuwa mlevi aliyeacha pombe miezi mitano tu. Shughuli iliyompeleka huko iliharibika, akajikuta hotelini peke yake, na baa i karibu. Akatambua ya kuwa asipopata mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye, atakunywa. Basi akampigia simu mchungaji mmoja wa mji ule, naye akampa majina ya watu wa kuwauliza. Kwa njia hiyo akafika kwa Daktari Bob Smith, mpasuaji ambaye ulevi ulikuwa umeiharibu kazi yake. Daktari alikusudia kukaa naye robo saa tu. Wakazungumza hata usiku. Hata hivyo daktari alianguka tena mara moja, kisha akaacha kabisa tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous.

Mazoea ya kuungama na kuwalipa watu waliodhuriwa waliyapata katika kundi la Oxford, lililoanzishwa na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri wa Marekani. Kwa hiyo mambo haya si mageni kwetu kama tunavyodhani.

2. Mikutano ilivyo

Sharti la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha pombe. Hakuna ada, kikapu hupitishwa, naye apendaye hutoa. Mikutano mingine ni ya wazi, hata jamaa na rafiki waweza kuhudhuria. Mingine ni ya walevi wenyewe peke yao. Mtu hutaja jina lake la kwanza, husimulia habari zake, wala wenziwe hawamhukumu. Asiyetaka kusema husikiliza tu. Yanayosemwa humo hayatoki nje. Ziko hatua 12 za kufuata, na mgeni aweza kumchagua mtu aliyetangulia awe mlezi wake, wa kumwita hata saa ya jaribu.

Wengine huniuliza, "Je, hii si dini nyingine?" Sivyo. Haina ubatizo wala sakramenti, na Mkristo na Mwislamu waweza kukaa pamoja humo. Tena si maneno matupu: mwaka 2020 wataalamu walipima tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona ya kuwa njia hii huwasaidia watu kuacha pombe kabisa sawasawa na matibabu mengine yaliyojulikana, na mara nyingi kupita hayo.

3. Jinsi ya kuitafuta na kuihudhuria

Kwanza, anayekunywa sana kila siku asiache ghafula bila kumwona mganga wa hospitali. Katika siku za kwanza mwili waweza kutetemeka, kupatwa na kifafa na kuweweseka, hata kufa. Pili, uliza hospitalini, kwa wale wanaotibu walevi, au tafuta orodha ya chama chenyewe katika intaneti. Iko mikutano katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam, na mingine hufanywa kwa simu, hata aliye mbali aweza kuhudhuria. Tatu, usihukumu kwa siku moja. Nenda mara kadhaa. Nne, mke au mume asisahauliwe: chama cha Al-Anon kilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi. Na pasipo na mkutano, kumbukeni Akron: watu wawili walitosha.

4. Kazi ya usharika

Mchungaji yule wa Akron alitoa majina ya watu tu, na mlango ukafunguka. Sisi nasi tutoe chumba, wala mzee asisimame mlangoni kuandika nani ameingia. Marudi yana mahali pake, lakini hayakai na mtu jioni.

Fundi yule sasa hukutana na wenziwe wawili kila Jumanne katika chumba cha shule ya Jumapili. Ufunguo wanao wao, mimi siingii. Alianguka tena mara moja, akarudi, na wenziwe walikuwa wamemwekea kiti.

Maswali ya kujifunza

1. Katika Wagalatia 6, Paulo asema mtu aliyekosa arejezwe kwa roho gani?
2. Je, katika usharika wetu mlevi aweza kuungama bila kuaibishwa?
3. Ni nani jirani yako asiye na mtu wa kukaa naye jioni?